Laki tano kwa kifaru

Shangazi yangu anaishi Bagira, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kishamba cha maharage nyuma yake. Kila ninaporudi Bukavu kutoka Uvira, Kalemie au popote miguu iliponipeleka, hufika kwake, nikala, nikasimulia safari, kisha nikaondoka kabla mazungumzo hayajafika kwenye albamu yake ya stempu. Kwa miaka thelathini nimekuwa hodari wa kuondoka mapema.

Safari hii sikuwahi. Sikuwa nimemaliza hata chai aliponiambia nitoe simu. Macho yake yameingia ukungu, alisema, na anataka kuuza stempu zake wakati masikio bado yanaweza kuisikia bei. Atabadilisha mabati ya nyumba. Kitakachobaki ni changu, kama alivyoniahidi zamani. Mimi kazi yangu iwe kupiga picha kila ukurasa na kumtafuta mnunuzi Ulaya.

Alikwenda chumbani, akarudi na albamu imefungwa ndani ya kitenge. Juu yake alikuwa ameweka kitabu chake cha Kifaransa cha bei za stempu, ambacho kimepoteza jalada. Bei zake zote ni za faranga za Ubelgiji, fedha ambazo hata Wabelgiji wenyewe hawana tena.

Shangazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mapadri. Barua zilikuja kutoka kila upande, na yeye alizibandua stempu kwa maji ya uvuguvugu, akazikausha katikati ya magazeti. Mkubwa wake wa kwanza, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia stempu za zamani za Kongo: wanyama, maua, vinyago. Shangazi alizipanga, na chini ya kila moja akaandika kwa penseli jina lake na bei iliyomo kitabuni. Kifaru. Twiga. Okapi. Baadaye alihamishiwa Luvungi, kwenye zahanati ya misioni, na kwa kuogopa joto na mchwa wa kule bondeni aliiacha albamu nyumbani kwetu, mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilisoma Kifaransa vizuri. Alinitaka niitunze, basi.

Mimi nikataka kumtajirisha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Pesa zilikuwa zinaongezeka sufuri kila mara, na posta, kwa kuwa haikuweza kuchapa stempu mpya kila bei ilipopanda, ilichukua zile zilizokuwepo na kugonga namba mpya juu ya ile ya zamani. Stempu ya zaire tano ikawa ya elfu hamsini, ikawa ya laki tano. Darasani kwetu kulikuwa na mvulana ambaye baba yake alikuwa tarishi wa ofisi, na bahasha zilizotupwa zilimfikia yeye. Alikuwa na malaki kwa malaki. Mimi nilikuwa na kifaru wa senti ishirini. Hesabu ilikuwa wazi. Senti ishirini kwa laki tano! Nilimwona mjinga nikamhurumia kidogo, lakini si kiasi cha kumzindua. Ndani ya muhula mmoja nilimpa wanyama wote, kisha maua, kisha vinyago, na kila mahali palipobaki wazi kwenye albamu nikaweka laki moja, laki tatu, laki tano. Namba za penseli za shangazi nikaziacha chini yake, kwa sababu nilitaka aone mwenyewe jinsi zake zilivyokuwa ndogo.

Sikumbuki ni siku gani nilielewa. Labda nilipoona noti za laki zikifunga karanga sokoni. Shangazi aliporudi kutoka bondeni nilimrudishia albamu yake ikiwa nzito kama alivyoiacha. Aliipima mkononi, akaridhika, akaitia kwenye sanduku bila kuifungua, ikae humo hadi siku ya kuuzwa. Mimi nikaanza kusafiri.

Sasa nilikuwa nimekaa sebuleni kwake, nikipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, naye amekaa pembeni akinitajia kwa kichwa kilichomo: hapo ni maua, geuza, hapo ni wanyama. Nilisema ndiyo, shangazi. Nilituma picha kwa mfanyabiashara wa stempu wa Brussels niliyempata mtandaoni, nikitumaini hatajibu.

Alijibu siku ya tatu, kwa ujumbe mrefu wa adabu. Niliusoma kwanza peke yangu njiani, kisha mbele ya shangazi nikamtafsiria. Stempu zilizogongwa namba mpya, aliandika, zilitoka nyingi mno. Albamu yote haiwezi kulipia hata gharama ya kuituma. Na hata stempu nzuri za zamani zimeshuka, kwa sababu waliozikusanya wanazeeka, wakifa watoto wao wanaziuza zote kwa mkupuo, na vijana hawazitaki. Bei ya kitabuni, alisema, haikuwahi kuwa bei ambayo mtu huilipa.

Hapo nikaizima simu. Ujumbe ulikuwa na aya moja zaidi.

Shangazi aliuliza kama faranga ya Ubelgiji kweli haipo tena, nikasema haipo. Alikivuta kile kitabu, akakipapasa pale jalada lilipokuwa.

"Basi ni soko," alisema. "Soko iko vile. Hata vitenge nilivyoweka, leo hakuna mwenye anavitaka." Alinitafuta kwa macho yake ya ukungu. "Unisamehe, mutoto yangu. Miaka yote nilikuambia utarisi kitu, kumbe nilikuwa nakudanganya."

Ningeweza kuondoka pale. Soko lilikuwa limebeba kosa langu lote, bila kuniomba chochote. Nimekaa chini ya miti mingi ya vituo vya magari nikingoja safari ianze, na najua unafuu wa kuona dereva anapanda. Lakini yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nikamsomea aya iliyobaki. Mtu wa Brussels aliuliza hivi: chini ya stempu naona maandishi ya penseli yanayotaja kifaru, twiga, okapi na maua. Hizo ziko wapi? Bei si kama ya zamani, lakini hizo ningezinunua.

"Ziko wapi?" shangazi aliuliza, kana kwamba swali ni lake.

Nikamweleza. Laki tano, senti ishirini, mtoto wa tarishi. Nilipomaliza aliuliza tu kama yule mtoto wa tarishi bado yuko hai.

Yuko. Ni mshonaji Kadutu, na tulikwenda kwake kesho yake, shangazi ameshika mkono wangu kwenye mteremko, albamu iko kwapani mwake. Mshonaji alinitambua kabla sijasema jina.

"Tajiri! Umekuja kunionyesha mamilioni yako?"

Nilimuuliza kuhusu stempu nikiwa sina tumaini. Yeye akainama chini ya cherehani akavuta sanduku la bati, malle ya mama yake, inayotunza vitambaa vya wateja, akaifungua. Ndani ya kifuniko, mstari kwa mstari, walikuwepo wanyama wote, na maua na vinyago chini yao. Alikuwa amewabandika utotoni kwa uji wa unga wa muhogo, na unga huo ulikuwa umeshika kama simenti. Hakuna maji ya uvuguvugu ambayo yangewatoa bila kuwachana. Mtu wa Brussels asingetoa hata senti.

"Wewe uliangalia namba," mshonaji aliniambia. "Mimi nilipenda nyama tu, kifaru, twiga. Zile namba zenu zilikuwa na kichwa kimoja cha rais, kimoja tu, kila siku."

Shangazi alipiga magoti. Alipitisha vidole juu ya kifuniko polepole, na mshonaji, sasa bila mzaha, akamwambia alipofika: hapa iko kifaru, maman, hapa iko twiga. "Na okapi?" Alimpeleka mkono hadi kwa okapi.

Shangazi aliuliza malle ni bei gani. Mshonaji akasema haiuzwi, ni ya mama yake. Na kifuniko peke yake? Mshonaji akacheka, akasema kifuniko cha malle nani aliwahi kukiuza. Ndipo shangazi akaifungua albamu juu ya magoti.

"Wewe ulimupatia mutoto yangu laki tano kwa kifaru," alisema. "Chukua laki tano zako. Uhesabu, nisikuibie."

Na mshonaji akahesabu, kwa sauti, stempu baada ya stempu, akiziweka kando ya mkasi. Hesabu ilifika mamilioni. Wateja wawili walisimama kusikiliza. Mwishoni alitaka kitu kimoja zaidi, kwa kuwa panya wangeingia kwenye vitambaa: ubao wa kufunika malle, uliokatwa sawasawa, na uletwe na mimi. Kisha akafungua bawaba kwa bisibisi ya cherehani.

Kifuniko sasa kimeegemea ukuta wa sebule, Bagira, chini ya mabati yaleyale yanayovuja. Shangazi anapopita anakigusa. Kuhusu nilichofanya hajaniambia neno, na sijui kama atawahi kuniambia. Jioni ile aliniuliza swali ambalo huniuliza kila ninapokuja.

"Unaondoka siku gani?"

Nikasema bado sijapata ubao.