Kishikio cha Kigari

Kwenye pikipiki yetu dereva alikuwa mume wangu, na uzito nilikuwa mimi. Kigari cha magunia kimefungwa ubavuni, upande wa kushoto, na kila kona ya kushoto gurudumu lake linataka kupaa. Hapo nilishika kishikio cha nondo, nikajitupa nje mpaka mgongo ukakaribia mchanga, tukapita. Nachingwea walituona vichaa. Siku za kawaida kigari kinabeba ufuta na madumu ya maji. Mavuno yakiisha, wenye vigari kama chetu wanashindana kwa njia za mashambani mpaka Ruangwa, na safari hii mume wangu aliapa hatapitwa na mtu.

Mimi nilikuwa na mimba, na yeye hakujua. Zile mbili za mwanzo nilimwambia mapema. Alifurahi mpaka akanunua beseni la kumwogeshea mtoto, na zote zikatoka. Nikaona labda nikinyamaza, hii itashika. Haikuwa akili, najua, ila woga hauna adabu ya kusikiliza akili.

Basi kila jioni yeye anatengeneza, mimi natazama. Alifunga tairi zenye meno makubwa, akakinyanyua kigari kisigonge visiki, akabadilisha sproketi ya nyuma, ile ya mnyororo, ili mashine ipande vilima bila kulia. Kila alipokinyanyua niliona ananiongezea urefu wa kuanguka.

"Bibie, kaa nipime," ananiambia.

Nakaa. Anabonyeza springi, anatabasamu peke yake. Nilitamani kumrushia spana.

Kwenye mazoezi nikaanza kujitupa nusu nusu, na gurudumu likaanza kupaa. Hakunilaumu mimi, alilaumu springi. Akailegeza, akaikaza, akamsumbua fundi wa kuchomelea mpaka fundi akaanza kumkimbia. Nilimwonea huruma, na woga ukazidi, maana siku ya mashindano ilikuwa inakuja na mdomo wangu umefungwa.

Wiki ya mwisho tukaenda kujaribu njia ya Mbekenyera. Kule kuna kona ya kushoto kwenye mikorosho, mchanga mtupu. Aliingia kwa kasi. Mkono mmoja nilishika kishikio, wa pili ulikuwa umeshafika tumboni bila kuniuliza. Sikutoka nje. Kigari kikanyanyuka, nikaiona barabara iko mbali chini yangu, nikajua basi, yamekwisha. Akapunguza mafuta. Tukarudi chini kwa kishindo na kuingia kichakani.

Alishuka amefura.

"Mwenzangu, unataka tufe?"

Kisha akauona ule mkono. Nilikuwa bado sijauondoa.

"Umeumia?"

"Mimi sijaumia. Sijui kama yeye ameumia."

"Yeye nani?"

Alinitazama, akautazama mkono, akakaa palepale mchangani.

Tulirudi kwa gia namba moja. Kila shimo alisimama, akashuka, akaizungusha pikipiki pembeni kwa kuisukuma, mimi nikiwa nimekaa ndani. Huyo aliyeapa hatapitwa, tulipitwa na mzee wa baiskeli aliyepakia mkaa, akatupa pole akidhani tumeharibikiwa. Mume wangu aliipokea. Njia nzima nilikuwa nalisikiliza tumbo, nikiyatafuta maumivu ninayoyajua. Sikuyapata, na hilo nalo likanitisha.

Nyumbani hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alichukua spana akainama kukifungua kile kishikio, nisikishike tena. Spana ikateleza kwenye nati. Akaiweka tena, ikateleza tena. Mtu anayefungua injini nzima huku anapiga soga, nati moja ilimshinda.

Nikachuchumaa karibu yake, nikaishikilia nondo isicheze. Muda wote ule nilikuwa naogopa peke yangu. Sasa tulikuwa wawili.