Bati la Namba Saba

Siku ile siisahau, mwanangu, na wewe weka hilo kopo la rangi chini mpaka nimalize. Ilikuwa enzi za Mwingereza, hapa hapa kijijini kwetu Masaki, zimebaki siku mbili tu Idi ifike. Babu yako alikuwa amenioa miezi mitatu nyuma, na mke mpya wakati ule alipimwa kwa usafi. Wifi zangu walipitisha vidole kwenye matako ya sufuria. Mimi nilikuwa hodari, sifichi. Nikishika majivu, mchanga na kumbi la nazi, kwenye sufuria yangu ungejitazama ukajipaka wanja.

Basi nikasafisha mpaka chumba cha baba mkwe, Mzee Shomari, na ukutani nikalikuta bati hili. Mbele lina namba saba nyeusi. Nyuma lilikuwa na tope jekundu lililokauka na madoa matatu ya rangi. Namba niliiona pambo, nikaiacha. Mgongo nikausugua asubuhi nzima huku naimba, nikalirudisha linang'aa.

Nililokuwa silijui ni hili. Ujanani Mzee Shomari alikuwa fundi wa magari. Tajiri wake, Mhindi mmoja, aliingiza gari kwenye mashindano ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, naye akakaa kando ya dereva na spana zake. Kufika Kibaha, masika yameigeuza barabara uji, gari likazama. Mdogo wake Mzee Shomari, Pazi, na rafiki yao Kondo walikuwa wakilima jirani, wakaacha majembe wakaja kulisukuma. Namba ya gari, kwenye bati hili, ilikuwa imechubuka, Mzee Shomari akaipaka upya pale pale. Kisha wote watatu wakachovya dole gumba kwenye rangi wakagonga nyuma ya bati. Gari lilifika la mwisho, mwanangu, na hakuna aliyelipigia makofi. Tajiri akampa fundi wake lile bati. Mwaka uliofuata Pazi akafa kwa homa, hakuacha mtoto wala picha.

Kila Idi Mzee Kondo alikuja kwa miguu kutoka Kibaha, amefunga kwenye leso miwani ya vumbi aliyoachiwa na dereva. Wazee hao walitandika mkeka, wakaweka bati na miwani katikati, wakazisimulia mbio zile kana kwamba zimekwisha jana. Hapakuwa na kabati la vioo wala mlinzi. Watunzaji walikuwa wao wawili tu.

Idi ikafika. Nikatoka barazani na chai.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa amelishika bati, dole lake linapapasa mgongoni, linatafuta.

"Nani amelisafisha?"

"Mimi, baba," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa kujivuna.

Mzee Kondo akageuza uso. Baba mkwe hakupaza sauti.

"Pazi tulimwosha siku tuliyomzika, mwanangu. Leo umemwosha mara ya pili."

Nililia mbele ya wakwe, mimi niliyekuwa sina haya. Nilitamani nirudi kwetu Msimbu siku ile ile.

Siku tatu zikapita. Ya nne akaniita, nikamkuta na rangi kidogo kwenye kifuu. Nikadhani yeye na Mzee Kondo watagonga upya madole yao.

"Hapana," akasema. "La Pazi litatoka wapi? Na yetu bila lake ni uongo. Gonga lako. Anayeuliza ni dole la nani, mweleze ulichofanya, kisha mweleze sisi tulikuwa nani. Kuanzia leo bati hili unalitunza wewe."

Hebu ligeuze. Umeona? Liko moja tu, la kwangu. Kila Idi nimesimulia, na miwani Mzee Kondo alinikabidhi mwenyewe kabla hajafa. Sijakosea hata jina moja, na kwa hilo najisifu bila aibu.

Sasa unataka kuipaka saba hii rangi mpya, ukawaonyeshe wenzako mjini wanaopenda magari ya zamani. Wapelekee, nimefurahi kwamba wapo. Lakini namba usiiguse. Tazama ilivyopinda hapo chini: ndivyo alivyoipaka mtu aliyechuchumaa topeni, ana haraka, wenzake wanamwita. Ukiinyoosha, umemfuta.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu cha wazee ukikuta na doa, uliza kwanza ni la nani, ndipo utafute kitambaa. Ukikosea, usifiche kosa. Lisimulie pamoja na kitu chenyewe. Na usikitunze kimya kimya, maana Pazi leo hana dole wala picha, ana midomo yetu tu.

Rangi uliyonunua haitapotea bure. Fungua kopo, chovya dole gumba, gonga kando ya langu. Sema Bismillahi. Mungu akupe umri mrefu na mikono isiyo na pupa, na siku yako ikifika, apatikane wa kulitaja jina lako.