Risasi ya Kumi na Mbili

Mwaka ule tulikula fufu ya semolina. Mwulize Mkongomani yeyote wa magharibi ya Sydney tulifungiwa majumbani kwa ajili ya korona lini mara ya pili, atakuambia: mwaka wa semolina. Mwaka uliotangulia watu walipigania tambi na karatasi za chooni madukani, hilo likapita. Mara hii ya pili makontena hayakuja. Unga wa muhogo uliisha kwenye maduka yetu, sombe, yale majani ya muhogo ya kugandishwa, ikaisha, tukabaki na semolina ya Waitaliano, unga wa ngano unaonata kama gundi ya fundi viatu, na samaki wa kopo. Niliikoroga, nikailaani, nikaila. Mjukuu wangu aliipenda. Mtoto aliyezaliwa huku hajui anachokosa.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya Smithfield: mimi, mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye pekee aliyebaki, na binti yake wa miaka kumi na miwili. Yeye na mama wa mtoto waliachana zamani. Nyumba ilikuwa imepangwa kwa jina langu, na hilo nalisema kwa kiburi. Sikumaliza darasa la pili. Mpaka nimeota mvi, kila karatasi niliyopewa niliiwekea kidole gumba. Ni huku huku mwalimu mmoja, mama wa watu, aliponifundisha kuandika jina langu. Alinisumbukia miezi minne. Karatasi ya kwanza niliyoiandikia jina hilo ni ya kupanga nyumba hii. Barua nyingine zote alinisomea mjukuu wangu. Alizisoma kwa Kiingereza kama mtangazaji wa redio, akanifasiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, na akikwama aliniita koko, yaani bibi, akasema, "Ni kitu cha serikali, koko." Mtoto huyo ana akili kuliko ofisi nzima.

Mwanangu alikuwa anafanya kazi kwenye ghala moja Wetherill Park, kupakia maboksi. Sisi wengine tulifungiwa, maboksi hayakufungiwa. Siku moja alitoka zamu saa tisa mchana, jua linawaka, akakuta watu watatu wameegemea gari lake. Wamevaa barakoa. Mwaka ule hata mwizi alionekana mtu wa kufuata sheria. Mmoja alikuwa na spana ya gurudumu. Walimpiga nayo begani, mfupa ukakatika, akaanguka, wakampiga mateke ya mdomo. Walichukua simu na funguo. Gari hawakulichukua. Walivunja vioo vyake vyote kimoja kimoja, huku wanacheka, halafu wakaenda kwa miguu, bila haraka.

Aliletwa nyumbani na mwenzake wa kazini. Nilifungua mlango nikaona barakoa yake imekuwa nyekundu, imeshikana na midomo. Ilibidi niilowanishe kwa maji ya vuguvugu ndipo itoke, na ilipotoka ilitoka na jino. Mjukuu wangu alishika beseni. Hakulia. Alihesabu meno yaliyobaki, kwa Kiingereza.

Wiki tatu mwanangu alikaa sebuleni, mkono umefungwa kifuani, anatazama dirisha. Gari likipunguza mwendo barabarani, alisimama. Siku moja aliuona uso wake katika kioo cha bafuni, akapiga ukuta wa ushoroba kwa mkono wake mzima. Kuta za huku ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi. Ngumi ilipita mpaka kwenye kiwiko. Shimo likabaki pale, jeusi, kila mtu analipita akienda chooni.

Mkono ulipopata nafuu alikwenda kituo cha polisi. Alirudi akiwa amechemka.

"Nimewaambia nataka kibali cha kubeba bastola chini ya koti," alisema. "Mwanamke wa pale kaunta amenitazama kama nimeomba kibali cha kufuga simba."

"Amesemaje?"

"Amesema nchi hii mtu hapewi silaha kwa sababu anaogopa. Woga si sababu."

Nikasema, "Mungu ambariki mwanamke huyo."

Hakucheka. Ila yule mwenzake wa ghalani alimpa njia nyingine. Unajiunga na klabu ya kulenga shabaha. Unaandika kwenye fomu kwamba wewe ni mwanamichezo. Unafanya masomo yao, unajibu maswali yao, unasubiri, mwisho unapata bastola ya michezo. Na ukishakuwa nayo, nani atakupekua koti?

"Wewe, mwanamichezo," nikamwambia. "Ukipanda ngazi unahema kama mbuzi mwenye mimba."

"Mama, mimi sichezi."

"Ndiyo maana nasema unadanganya."

Fomu zilijaa meza ya kulia chakula. Mjukuu wangu alizisoma zote, hata zile ambazo hakuombwa kusoma. Ndipo ilipotokea barua moja. Bastola lazima ilale ndani ya kabati la chuma, na kabati lipigwe boliti ukutani, na polisi waje kulikagua. Ukuta ule ulikuwa wa nyumba yangu. Kwa hiyo ilihitajika barua yenye sahihi yangu, kwamba mimi mwenye kupanga nimekubali. Mwanangu alikuwa ameshachagua mahali: palepale kwenye shimo la ngumi, pembeni yake kuna nguzo ya mbao, boliti zitashika.

Aliisukuma barua mbele yangu pamoja na kalamu.

"Hapa chini, mama. Jina tu."

Nikamwambia, "Bunduki haitalala ndani ya nyumba hii, hata nikibaki kulala humu peke yangu."

"Basi utalala peke yako. Wakifungua nchi, mimi na mtoto tunahama."

Alitaka kuhama siku ileile, lakini hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita tano. Serikali ilitufungia pamoja, mimi, yeye, na ile barua. Tulikula meza moja bila kusemezana. Nikipika, alisogeza barua, akala, akairudisha mbele ya kiti changu. Nikifuta meza, niliizungushia kitambaa kama mtu anayefuta kandokando ya kinyesi cha mtoto.

Halafu wakaja wanajeshi.

Nilikuwa nasonga fufu ya mchana. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni: polisi mmoja na wanajeshi wawili, sare za rangi ya majani, wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia kama wagonjwa wamekaa ndani. Hawakuwa na silaha, hilo nililijua baadaye. Niliona sare, na mmoja wao alikuwa na ubao wenye karatasi, anaweka kidole kwenye mstari, anatazama namba ya mlango wetu, anatazama karatasi tena.

Sikumbuki kuacha mwiko. Nakumbuka mkono wangu kwenye shingo ya mjukuu wangu, namsukuma chini ya kitanda, mtoto analia, "Koko, unaniumiza," nami namziba mdomo. Nilimziba kwa nguvu. Alipambana. Aliniuma dole gumba. Nje nilimsikia mwanangu anaongea kwa adabu, watu watatu, hakuna mgonjwa, asante. Mlango ukafungwa. Aliingia chumbani akatukuta chini ya kitanda, binti yake amekuwa wa bluu midomoni, na mimi nimejikojolea.

Alinivuta kwa mguu. Alimpakata binti yake mpaka pumzi ikarudi sawa. Kisha akanipigia kelele. Alisema nimerukwa na akili, ningemuua mtoto.

"Ungemuua, mama! Kwa sababu ya nini? Kijana mwenye kalamu!"

"Mwenye orodha," nikasema.

Na hapo, nimekaa sakafuni na sketi iliyolowa, niliwaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata wale waliotuhoji kwenye kambi ya wakimbizi.

Mume wangu alikuwa na bunduki. Mwanangu alijua baba yake aliuawa vitani, basi. Sikumwambia kwamba bunduki ilikuwa na kibali. Wakati ule kijiji kilikuwa kinavamiwa, chifu akasema kila mwenye uwezo apewe bunduki ya kulinda nyumba yake, lakini kwa utaratibu, kwa maandishi. Karani aliketi na daftari. Mume wangu akasaini. Karani akasema, mke naye aweke kidole, asije kusema kesho hakujua kilichokuwa nyumbani mwake. Niliweka kidole. Nilifurahi, nasema kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza neno langu kwa maandishi. Nilirudi nyumbani nimenyoosha kidole juu ili wino usifutike, majirani waone. Kibali tulikifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za ubatizo.

Waliotuvamia waliliteka kwanza lile daftari. Baada ya hapo hawakuhitaji kupekua kijiji. Walikuja asubuhi, uji uko motoni, wakasimama uani wakasoma. Jina la mume wangu. Bunduki moja. Risasi kumi na mbili. Mke: kidole.

Mume wangu hakubishana. Aliwaletea bunduki na risasi kwa mikono miwili. Wakahesabu. Zilikuwa kumi na moja.

"Ya kumi na mbili iko wapi?"

"Nilimpiga nyani shambani."

"Karatasi inasema kumi na mbili."

Walimkata mkono wa kulia kwa panga, wakauliza tena. Alijibu nyani. Wakakata wa kushoto. Mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, alitoka nyuma ya nyumba akipiga kelele, "Ni kweli, alimpiga nyani, mimi nilimwona!" Wakampiga risasi ya tumbo kwa bunduki yetu wenyewe. Mmoja wao akasema, "Sasa zimebaki kumi." Nao wakacheka. Kisha wakammaliza baba yake kwa panga, wasipoteze nyingine. Mimi nilikuwa nyuma ya tanuru la matofali na mdogo mgongoni, miezi saba, kitambaa nimemjaza mdomoni asilie. Wewe, nikamwambia mwanangu. Wewe nilikuziba mdomo hivyohivyo, ukawa wa bluu hivyohivyo, na hukufa.

Jikoni fufu ilikuwa inaungua, tuliinusa, hakuna aliyenyanyuka.

Mwanangu alikaa kitandani. Nikafikiri imekwisha. Nikafikiri atachukua ile barua aichane.

"Alikuwa na risasi kumi na moja," akasema polepole. "Wao walikuwa wangapi?"

Nilivuta sketi ifunike magoti.

"Wangapi, mama?"

"Sita."

"Risasi kumi na moja, watu sita. Akawapelekea kwa mikono miwili." Akatikisa kichwa. "Baba hakuuawa na karatasi. Baba aliuawa kwa sababu hakufyatua."

Nilinyanyuka nikampiga kofi kwenye lile taya lililopigwa mateke. Nililijua ni hilo, na nilipiga kwa nguvu zangu zote. Damu ikatoka kwenye ufizi. Akainua ngumi. Niliiona pale juu, ngumi iliyopita ukutani. Mjukuu wangu akasimama katikati yetu, akasema kwa Kiingereza neno moja, neno la kumwambia mbwa akae chini. Tukakaa, wote wawili.

Hajawahi kuniomba msamaha kwa neno lile, wala mimi kwa kofi lile.

Walipofungua nchi, alifanya alivyosema. Alipata chumba Quakers Hill, kwa yule mwenzake wa kazini. Lakini mwenye nyumba ya kule alikataa kuta zake zitobolewe, na mwanangu alijua hivyo tangu asubuhi ile anapakia mizigo. Nilimwona anapakia polepole. Godoro la mtoto. Sare za shule. Sufuria ndogo niliyompa mjukuu wangu ajifunze kusonga fufu, maana siku hiyo unga wa muhogo ulikuwa umerudi madukani na nilimwekea kilo tano.

Mtoto alikaa kiti cha nyuma, amekumbatia sufuria, macho yamevimba. Alishusha kioo.

"Koko," akasema, kwa Kiswahili safari hii. "Nani atakusomea barua?"

Nilimfuta macho kwa kiganja.

Mwanangu alifunga buti la gari. Akatoa ile barua mfukoni, imekunjika, ina doa la mafuta ya samaki wa kopo. Akaitandika juu ya boneti, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake.

"Andika jina lako, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Andika, tushushe mizigo. Hata godoro sijalifunga kamba."

Nilitazama godoro. Kweli, hakulifunga. Nilichukua kalamu. Mjukuu wangu alitoa kichwa dirishani. Ncha ya kalamu ilikuwa juu ya mstari, na jina langu nalijua, herufi zote saba, nisingekosea hata moja. Kwenye dole gumba bado palikuwa na alama ya meno ya mtoto.

Nikaiweka kalamu kwenye kiganja cha mwanangu, nikamfunga vidole kimoja kimoja.

"Bunduki haitalala ndani ya nyumba hii, hata nikibaki kulala humu peke yangu."