Damu Yetu Katika Mashine ya Ng'ombe

Mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika kungoja unga wa njano, mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani kuja kukaa nasi mjini, mtaa wa Mafiga. Alikuja na kapu la magimbi na mafua. Mafua hatukuyatilia maanani. Kule kwao Uluguru baridi ni ya kila siku, na watu hupiga chafya huku wanalima.

Mume wangu alikuwa msaidizi wa maabara katika chuo cha kilimo. Zamani aliwahi kufanya kazi zahanati, kwa hiyo sindano aliijua vizuri, lakini chuoni kazi yake ilikuwa damu ya ng'ombe. Walikuwa na mashine iliyopuliza maji ya damu ndani ya moto, kisha kwa mwanga wa moto ule ikasoma mna shaba kiasi gani, zinki kiasi gani, chuma kiasi gani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Tabora, na madini kwangu yalikuwa vitu vya kuchimbwa. Aliponieleza kwamba ng'ombe ana shaba mwilini nilidhani ananitania.

Haikupita wiki, sote watatu tukawa tunakohoa. Mume wangu alipata nafuu upesi. Mimi homa ilinijia na kuondoka, nikawa natembea, napika, naingia hata darasani. Mama ndiye aliyelala. Homa ilipompanda aliacha Kiswahili kabisa, akawa anasema Kiluguru, na mimi nikawa namkanda kwa kitambaa cha maji bila kujua anataka nini.

"Anasemaje?" nilimuuliza mume wangu.

"Anasema nyumba hii haina mlango."

Mlango ulikuwepo, ulikuwa wazi mbele yake.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akasema ni virusi, havina dawa, apumzike na anywe maji mengi. Tukarudi na aspirini. Mume wangu hakuridhika. Alisema ng'ombe wakipungukiwa zinki huugua ovyo, kwa nini watu wasiwe hivyo hivyo? Akatutoa damu, mama yake na mimi, akaenda nayo kazini.

Jioni alirudi amekunja uso. "Mwalimu, zinki yako iko chini sana. Chuma nacho kiko chini. Ila shaba imepanda."

"Imepandaje? Nimeila wapi?"

"Hata mimi sijui."

"Na Mama je?"

Akamtazama mama yake, ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa hawezi. "Mama yuko sawa."

"Umechanganya chupa."

"Sikuchanganya. Nimeziandika mwenyewe."

Nilikaa nikaitazama mikono yangu. Mimi niliyesimama nilikuwa mgonjwa, na yule aliyelala alikuwa mzima! Usiku ule niliogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa na homa.

Kesho yake akaja na kipande cha jiwe la chumvi, lile ambalo ng'ombe huwekewa zizini walirambe, amekifunga kwenye gazeti. Akaniambia lina zinki ndani, nirambe kidogo kidogo. Mama akafumbua macho.

"Mwanangu," alimwambia, kwa Kiswahili safari hii, "huyu ulimwoa au ulimnunua mnadani?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, ikabidi nimwinue. Tulifurahi kumsikia akicheka. Jiwe nililiramba hata hivyo, si mara moja. Lilikuwa na ladha ya kutu.

Siku chache baadaye mkuu wa kazi wa mume wangu, mhadhiri mmoja mpole, daktari wa mifugo, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akamwamkia, "Shikamoo Mama," akaketi, nikampa chai bila sukari, maana haikuwepo. Mume wangu akamsimulia yote. Mhadhiri akaweka kikombe chini.

"Kwanza, sisi tunajua viwango vya ng'ombe. Vya mtu sivijui. Pili, mwili ukipambana na homa huweza kuitoa zinki kwenye damu ukaihifadhi kwenye ini, na chuma vivyo hivyo. Havijapotea, vimehama tu. Shaba nayo ini huiachia iingie damuni."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo, Daktari, niliugua kwa sababu zinki ilipungua, au zinki ilipungua kwa sababu niliugua?"

"Yote mawili yanawezekana, mwalimu."

"Na Mama, ambaye yake haikuhama?"

Alikichukua tena kikombe chake. "Hapo sijui," alisema.

Mama akadakia kutoka kitandani. "Mimi nilibeba ulanga, yale mawe ya magamba, kichwani tangu msichana, wakati wa Mwingereza, nikiuteremsha kutoka kule juu unang'aa hadi kwenye nywele. Madini yalinijaa zamani."

"Ulanga hauna zinki, Mama," mume wangu alisema.

"Wewe umeupima?"

Hakuwa ameupima.

Mvua zilipokatika sote tulikuwa tumepona, Mama akiwa wa mwisho. Damu yangu ikapimwa tena, na zinki ilikuwa imepanda. Mume wangu akasema ni jiwe lake. Mimi nikasema ni maini niliyoyapata kwa taabu buchani Mwembesongo. Mhadhiri akasema ingepanda hata kama nisingekula kitu. Mama alikataa sindano.

"Nilipokuwa nakufa uliniambia niko sawa," alimwambia mwanawe. "Sasa nimepona, utaniambia nini?"

Akarudi kwake mlimani, akalima miaka mingi.

Mimi na mume wangu tulibishana juu ya jambo hili kila mtoto wetu alipoanza kukohoa, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Siku hizi wajukuu wakipata mafua, wazazi wao hununua vidonge vya zinki, wananiuliza kama vinasaidia. Nawaambia wawape tu. Wakiniuliza kwa nini, naanza kueleza, kisha nakwama katikati, nabaki nimeshika kidonge mkononi.