Jinsi Maitu Alivyokubali Uvimbe Wangu Upimwe

Wenzangu, anayewaandikia haya alikwisha kuchaguliwa mahali pa kaburi, tena penye kivuli kizuri. Kabla ya kuugua nilikuwa mbeba magunia ya kahawa katika shamba moja Ruiru. Gunia moja nililiweka kichwani kama kofia, la pili nililishika mkononi nisije nikasinzia. Jioni nilipanda baiskeli hadi Thika, shule ya ngumbaru, nikafaulu mpaka mwalimu akaanza kuniuliza mimi maswali yaliyomshinda yeye.

Uvimbe ulianza shingoni, mdogo kama punje ya dengu. Haukuuma. Wenzangu wakasema, "Kitu kisichouma si ugonjwa." Nikawaamini. Ukafika kiasi cha yai, ukazaa mwenzake kwapani. Usiku nilitokwa na jasho hadi majani ya godoro yakataka kuota tena. Mwili uliwasha, suruali ikanikimbia kiunoni. Na nikionja muratina, ile pombe yetu ya asali, shingo iliuma kama imefinywa kwa koleo. Hapo nikajua ugonjwa huu hauna adabu.

Hospitalini Thika walikata kinyama kidogo cha uvimbe, kikapelekwa Nairobi kuchunguzwa. Jibu likaja: saratani ya tezi. Daktari akaketi kitandani pangu.

"Njoroge, kuna dawa mpya, bado tunaijaribu. Imesaidia wengine, wengine haikuwasaidia. Itakutapisha sana. Ukikataa sitakufukuza, nitakutunza, lakini sina dawa nyingine ya kuondoa uvimbe huu."

"Dunga," nikasema.

"Kwanza nipime. Lazima niwe nikipima kila mara, la sivyo sitajua kama nakutibu au nakutesa bure."

Akanizungushia shingoni futi ya kitambaa, kama ya fundi wa nguo. Papo hapo Maitu, yaani mama yangu, akaingia na uji kutoka nyumbani Ngoliba. Sasa, kwetu hata watoto hawahesabiwi, sembuse mtu mzima kupimwa! Kupima ni kuita kifo. Maitu akanyakua futi.

"Daktari! Hata hajakata roho, wewe ushaanza jeneza?"

"Mama, nisipopima siwezi kumpa dawa."

"Basi asipewe. Baba, inuka twende nyumbani." Huniita baba kwa kuwa nina jina la baba yake.

Nikaitazama sindano, nikamtazama Maitu. Kumkaidi ni laana, kumtii ni kaburi. Jasho likanitoka ndoo tatu.

"Maitu," nikamwuliza, "siku uliyonizaa, ulizaa na uvimbe huu?"

"Mimi? Nizae takataka hii?"

"Basi huu si mwanao. Anayepimwa si mimi, ni huu. Na kama kupima kunaita kifo..."

Akautazama uvimbe kama anavyomtazama nyani shambani. Kisha akamrudishia daktari futi yake.

"Pima. Pima mara mbili!"

Sindano ikaingia. Nilitapika hadi uji niliokunywa siku ya ubatizo. Mshipa wa mkono ukawa mweusi, mgumu kama kamba ya mkonge. Mwenzangu wa kitanda cha jirani dawa haikumsaidia, tukamzika, na bado namkumbuka. Lakini yai langu likawa harage. Kila siku ya kupimwa Maitu alisimama nyuma ya daktari akimsimamia: "Umesahau wa kwapani!"

Siku moja daktari akapapasa shingo, akapapasa tena, akakunja futi na kuitia mfukoni. "Mama, leo sina cha kupima."

Maitu akapiga ngemi tano, vigelegele vile vya mtoto wa kiume anapozaliwa. Nadhani Ruiru walisikia.

Daktari hasemi nimepona kabisa, kwa hiyo narudi kuangaliwa. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari kwa kuniambia ukweli. Nawe ukiona uvimbe usiouma, usingoje uume. Ukiambiwa dawa ni ya kujaribiwa, uliza yote kabla ya kukubali. Na mzazi akikataa, usimfokee. Mketishe karibu, mwonyeshe adui ni nani. Akishamjua, hata daktari hatapumzika.