Jogoo Wawili Hadi Msasani

Nilifunga safari hii kwa sababu ya Zainabu, ingawa kwenye barua ya kuomba ruhusa niliandika kwamba ni kwa ajili ya mada ya dini za ulimwengu. Zainabu ni mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, Mwislamu pekee katika bweni letu hapa Kyimo, na ndiye anayeongoza darasa. Baba yake ni mtaalamu wa maabara, mtu wa Tanga aliyeletwa hospitali ya Igogwe kikazi. Alikuwa amemwandikia mkuu wa shule akiomba binti yake ahamishwe. Mtoto amekonda, aliandika, na hana raha.

"Wewe ndiye mwalimu wa darasa," mkuu aliniambia. "Nitakaa na barua hii wiki mbili. Baada ya hapo nasaini."

Sikutaka kumpoteza Zainabu. Nikajipa kazi ya udaktari bila kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi: nikaamua kwamba ni upweke, na kwamba wenzake wakiuelewa Uislamu atatulia. Hivyo mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, niliufundisha Uislamu wiki nzima kwa ujasiri wa mtu mwenye kitabu kimoja. Zainabu alikaa dawati la mbele akinakili kila nilichosema. Nilidhani anafurahi.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tuliondoka shuleni kwa miguu, wanafunzi ishirini na wanne na mimi. Gari dogo la shule lilibeba sufuria pamoja na Mzee Ambakisye, mpishi wetu. Mnyakyusa haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua jogoo wawili kwa ajili ya wenyeji wetu, na ndizi za watoto kando. Hapa naomba mnipongeze kidogo, kwa sababu baadaye hamtapata nafasi. Nilikumbuka habari ya nguruwe. Nilikopa sufuria mpya dukani kwa shangazi yangu, ambayo haijawahi kuguswa na kitu, nikasimama jikoni kuhakikisha mwiko nao ni mpya.

Saa mbili na nusu tulikuwa barabara kuu, katikati ya mashamba ya chai, na ukungu ulikuwa bado chini. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba Mwislamu husalimiwa "Asalamu alaikumu", na kwamba wanaume wake huvaa kofia. Sikufikiria kwamba kwa baridi ya Rungwe kila mwanamume mwenye akili zake huvaa kofia. Watoto walimsalimia hivyo muuza mahindi, wakamsalimia fundi wa pikipiki, na mwishowe mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya sufu iliyofika hadi kwenye nyusi.

"Mugonile, wanangu," mzee alijibu kwa salamu ya Kinyakyusa, kisha akanigeukia. "Mwalimu, mimi nina miaka arobaini nasimamia kwaya kanisani. Kuna habari imetoka ambayo sijaambiwa?"

Nilimwomba radhi. Nyuma yangu Zainabu alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. Nikafurahi nikajua dawa imeanza kufanya kazi.

Saa nne na nusu tuliingia Tukuyu, tukashuka mtaa wa Msasani hadi msikitini. Mwenyeji wetu, Ustadhi Hamisi, anafundisha madrasa jioni na mchana anashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yake. Alitukaribisha kwa upole, tukavua viatu. Nilikuwa nimewakumbusha watoto mara tatu habari ya kuvua viatu, nikasahau kukagua soksi zangu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilihudhuria kipindi chote.

Watoto waliuliza maswali mazuri, kuhusu udhu, kuhusu kufunga, na kwa nini hakuna picha ukutani. Ustadhi alijibu kwa utaratibu, na alipokosa uhakika alisema hana uhakika, jambo ambalo mimi sikulifanya hata mara moja wiki nzima.

"Na mnaposwali mnaelekea mashariki," alisema kijana mmoja, kwa fahari ya mtu aliyesoma.

"Tunaelekea Makka," Ustadhi alimsahihisha. "Kwa aliyeko hapa ni kaskazini. Ukitoka nje ukautazama Mlima Rungwe, umeshakaribia."

Macho ishirini na manne, au tuseme jozi zake, yaliniangalia. Kule shuleni ubaoni bado kuna ramani yangu na mshale mnene unaoelekea Dar es Salaam. Zainabu alikuwa ameunakili mshale huo kwa rula.

Adhuhuri, baada ya swala, mke wa Ustadhi, Bi Mwanaidi, alitandika mkeka, akaleta chai ya tangawizi na maandazi. Nami nikampa ishara Mzee Ambakisye alete sufuria. Nikasimama, nikatoa hotuba fupi kuhusu kuheshimiana, nikaeleza habari ya sufuria mpya na mwiko mpya. Nikafunua mfuniko.

"Mashallah, jogoo wa haja," alisema Ustadhi. "Nani amechinja?"

"Mzee Ambakisye mwenyewe," nilijibu, nikimshika bega. "Ni mzee wa kanisa. Tena aliwaombea kwanza."

Bi Mwanaidi aliinama akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Najua mnachosema mkisoma hapa, kwamba jambo hili kila Mtanzania analijua. Hata mimi nalijua. Nimekua nikijua kwamba ng'ombe wa buchani anachinjwa na Mwislamu ili watu wote wale. Lakini kwetu huku mawazo hayo huishia buchani. Kuku ni wa jikoni, anachinjwa na yeyote mwenye kisu na nafasi, na katika maisha yangu sijawahi kumuuliza mtu habari zake.

"Ahsante sana, Mwalimu," Ustadhi alisema. "Nia yako tumeipokea yote. Sisi tutakula ndizi zenu, na hawa jogoo wape watoto." Watoto hawakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Zainabu alikuwa amekaa na andazi lake. Nilimsogelea.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hata kuku wa Jumamosi huwa anawachinja Mzee Ambakisye."

Ndipo niliposikia baridi ya kweli. Kila Jumamosi shuleni kuna kuku, na mara nyingi mwalimu wa zamu huwa ni mimi. Kila Jumamosi tangu Januari mtoto huyu alisukuma nyama kando akala ugali na chumvi. Na mimi niliandika kwenye daftari la zamu, kwa mkono wangu, kwamba Zainabu anachagua chakula.

"Mbona hukuniambia?"

Alitazama andazi. "Siku ya kwanza nilitaka kusema. Ukaniita bibi harusi anayeringia chakula, mbele ya wenzangu, wote wakacheka. Nikaona ninyamaze."

Niliona aibu, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Nilimwomba msamaha hapo hapo, soksi ikiwa imetoboka. Akasema hamna shida, kwa sauti ya mtu ambaye shida anayo.

Saa tisa tulianza kurudi, mvua ikatukuta njiani, tukafika Kyimo tumelowa. Mzee Ambakisye alikuwa ananisubiri jikoni, amekasirika.

"Tangu Januari kuna mtoto hali chakula changu, na wewe unaandika kwenye daftari?" alisema. "Ungeniambia siku ile ile. Fundi baiskeli pale njia panda ni Mwislamu, ni jirani yangu. Ni kumwita tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa niliotaka kuutibu kwa mada nzima, safari na hotuba, dawa yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka jikoni. Nilichojifunza kuhusu dini za ulimwengu ni kwamba mmoja wa waumini wake alikuwa dawati la mbele, na sikumuuliza hata swali moja.

Usiku ule nilimpigia simu baba yake nikamweleza yote, pamoja na bibi harusi. Kisha akasema barua ibaki kwa mkuu bila kusainiwa, na kwamba atakayeamua ni Zainabu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi fundi baiskeli alikuja na kisu chake. Mchana nilisimama mlangoni na daftari la zamu, nikijifanya nahesabu sahani. Zainabu alifika kwenye sufuria, akatazama alichowekewa, kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, kipapatio hiki ni kidogo," alisema. "Naweza kuchagua kingine?"