Uboho Mzito

Kwa baba yangu ng'ombe akichinjwa, mfupa wa mguu haukutupwa. Uliwekwa kwenye makaa, mama akaupasua kwa jiwe, uboho ukamwagika juu ya ugali wa uwele. Mweupe, mzito, tukaulamba mpaka viwiko. Sijala kitu kitamu kama kile tena, na nimekula na wakubwa.

Baba aliusoma mwaka ndani ya uboho huo. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wakifuata malisho mbali, uboho ulitoka majimaji kama uji wa mgonjwa. Baba akaguna, "Huyu miguu ndiyo imemmaliza." Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hilo nalijua: mafuta ya mfupa ni akiba ya mwisho, na mwendo ndio unaoyala.

Basi mke wangu alipoanguka hapa Ipagala akavunjika nyonga, akapasuliwa, akarudi nyumbani, sikuuliza mtu. Dada yake alivunjika vilevile na hakusimama tena. Nilimnywesha supu ya mifupa asubuhi na jioni, nikamkataza kutia mguu chini. Daktari alisema atembee. Nikasema daktari hajachunga.

Mjukuu wetu, anayesomea udaktari chuoni Chimwaga, akaja akamkuta amelala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke mdogo."

"Mke mkubwa unamuua."

"Namlindia uboho!"

"Uboho anao, babu, tena wa kuzidi. Ni akiba kweli, mwili unaitumia. Ila mtu akizeeka, mbegu za kujenga mfupa zinageuka mafuta. Akilala ndiyo yanazidi, mfupa unabaki ganda."

"Wewe umepasua mifupa mingapi?"

"Ya ng'ombe? Hata mmoja. Ila bibi hana pembe."

Nilitaka kumtimua. Sauti ikatoka kitandani, ile iliyokuwa ikiniita mtoni tukiwa vijana, anapita na mtungi kichwani na mimi nimeacha mbuzi waingie shamba la watu kwa kumtazama.

"Mkimaliza kugombea mifupa yangu, mmoja wenu anipe mkono."

Nikampa mimi. Siku ile alifika mlangoni, jasho linamtoka, akinitukana kwa Kigogo kila hatua. Kesho yake tukafika uani, kisha kwenye lango.

Juzi nilirudi kutoka Kizota nikakuta kitanda kitupu na mkongojo haupo. Nikatoka mbio. Nilimsikia kabla sijamwona, yuko kwa jirani, anacheka.